Je, Gari la Mbio Laweza Kuwa Gari la Nyumba?

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni hadi Kayole, gari la nyumba halizeeki kwa siri. Jericho na Maringo zilijengwa na Baraza la Jiji kwa ajili ya wafanyakazi ambao hapana aliyedhania kuwa siku moja wangemiliki motokaa, na kwa hiyo magari ya huko hulala nje, chini ya madirisha ya watu. Buruburu, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1970, ilipewa maegesho ya kadiri ya wakati ule, nayo imekwisha kufurika, hata jirani wa nyumba ya nne hujua kwa mlio wa alfajiri kama betri ya mwenzake imechoka au bado ina uhai. Ndiyo maana mashauri ya kuliondoa gari kuukuu na kuleta jingine hayabaki kuwa mashauri ya mume na mke peke yao. Huingiliwa na shemeji, na mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara, na fundi, na mimi pia, ambaye sina shilingi hata moja katika jambo lenyewe, ila nina kalamu.

Gari lililozua maneno ni Toyota Corolla ya umbo la 110, yenye injini ya lita moja na nusu, ambayo Baba aliinunua ikiwa mtumba wa kutoka Japani, akaitunza kwa uaminifu mpaka ikafika umri ambao kila tengenezo hukaribisha jingine: leo rejeta, kesho bushi, keshokutwa giaboksi isiyotaka kuingia ila kwa kubembelezwa. Fedha zilizopo ni mkopo wa Sacco, ambao kwa desturi ya vyama vingi hufika mara tatu ya akiba ya mwanachama mradi apate wadhamini, pamoja na akiba ya Binti, mzaliwa wa kwanza wa nyumba hiyo, ambaye ana kazi yake na anashikilia kwamba atoaye fedha ana haki ya kutoa rai. Rai yake ni Subaru Legacy B4 yenye tabo. Mjomba, ndugu yake Mama, anapendekeza Toyota Mark X. Baba anataka Premio, na ikikosekana Premio anataka waachwe yeye na 110 yake. Nitawaita kwa nafasi zao, kwa kuwa majina si sehemu ya hoja.

BABA: Gari hili nimeliendesha mvua na jua. Nimemwoza nalo binti wa ndugu yangu, nimekwenda nalo kumzika mama yangu Mumias, nimewakimbiza nalo wajawazito wa mtaa huu usiku wa manane mpaka hospitali ya Pumwani, wala haikupata siku moja aliyepanda akaniuliza lina nguvu za farasi ngapi. Sheria imeniwekea kilomita 50 kwa saa mjini na 110 katika barabara kuu. Basi gari liwezalo kufika 180 lina faida gani kwangu, ila kunitia katika majaribu ya kuvunja sheria na kunitoza mafuta ya majaribu hayo?

BINTI: Baba, sipingi hata neno moja katika historia ya gari letu, na Mungu akulipe kwa wote waliofika Pumwani salama. Lakini mimi siombi kasi ya mwisho, naomba nguvu ya katikati. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na njia yetu ya nyumbani hupanda ikapita mita 2,400 kule Mau. Hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza hapa Nairobi peke yake karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake, na kule juu hupoteza karibu robo, ilhali tabo huishindilia hewa kabla ya kuingia katika silinda na kurudisha sehemu kubwa ya kile kilichopotea. Desemba iliyopita tulikuwa watu watano na magunia, tukatoka nyuma ya lori la mafuta karibu na Kinungi, na mguu wako, Baba, ulikuwa umegusa sakafu, na lori lile lilikuwa halitaki kwisha. Hatari ya kulipita lori hupimwa kwa muda ambao gari linakaa upande usiokuwa wake. Gari lenye nguvu huupunguza muda huo, na gari dhaifu huurefusha. Kwa hiyo nasema kwamba nguvu nayo ni usalama.

Hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote nilizopata kuzisikia kwa upande wa magari ya mbio, na wale wanaowacheka vijana wa Subaru hawajapata kuijibu ila kwa kejeli. Hata hivyo ni nusu ya haki tu, kwa sababu dereva wa gari dhaifu, akijua udhaifu wa gari lake, aghalabu husubiri nyuma ya lori mpaka njia ifunguke, na yule mwenye nguvu chini ya mguu hutoka mahali ambapo mwenziwe asingethubutu kutoka. Gari humpunguzia muda wa hatari, naye huirudia hatari mara nyingi zaidi. Baba alilisema jambo hilo kwa maneno machache kuliko yangu: alisema kwamba siku ile ya Kinungi kosa lilikuwa la mguu wake, si la injini.

MJOMBA: Ninyi mnabishana juu ya milima kana kwamba mnaishi milimani. Mimi naona watu wanaishi Buruburu, katika njia ya namba 58, ambako hata matatu haipati abiria isipopambwa. Mark X ni gari la waungwana: silinda sita, lita mbili na nusu, magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo, kiti kama cha ofisi ya waziri. Ilitengenezwa tangu 2004 hadi 2019, na kwa hiyo ziko nyingi, na bei zake zinaingilika. Shemeji, ukifika msibani na Mark X, hupewa kiti cha mbele pasipo kuuliza.

MAMA: Kaka, anayepewa kiti cha mbele ndiye anayeanza kusomewa daftari ya mchango.

Fundi, mtu wa Kariobangi Light Industries ambaye amekuwa akiitibu Corolla ile tangu Binti akiwa shule ya msingi, hakupoteza wakati mwingi kwa Mark X. Alisema ni gari zuri kwa mwenye kukaa penye barabara za lami isiyo na mashimo. Kwamba liko chini mno kwa matuta ya mitaa hii, ambayo mengine yamejengwa na wenyeji wenyewe kwa kipimo cha hasira zao. Kwamba injini yake hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa sababu hiyo hujikusanyia masizi kwenye valvu hadi ikaanza kutetemeka. Na kwamba kusukumwa kwa nyuma katika mvua ya Aprili kunataka dereva aliyefundishwa, si aliyebahatika. Baada ya hapo Mjomba alirudi kwenye chai yake, na mjadala ukabaki kuwa wa Subaru.

MWALIMU: Niruhusuni niseme kidogo, maana suala hili mnaloliona jipya lilikuwapo tulipokuwa vijana wa Kaloleni, ila lilikuwa na sura nyingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kwa jina la Coronation Safari, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia wa Waingereza, na hadi 2002 ilipita katika barabara zile zile zilizopitwa na mabasi na ng'ombe. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa 7 tena. Na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Sisi watoto tuliokaa ukingoni mwa barabara hatukuwa tukiuliza nani mwepesi kuliko wote, tulikuwa tukiuliza nani amefika. Na kwa sababu Peugeot ilifika, walimu wakuu na machifu wakainunua, na ilipokuja 504 ikawa ndiyo gari la kwenda magharibi, imejaa abiria hadi milangoni. Sifa ya gari la mbio katika nchi hii, asili yake, ilikuwa ni uvumilivu.

BINTI: Ahsante, Mwalimu, kwa kuwa umenipa silaha. Mwaka 1965 mshindi wa Safari alikuwa Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant, na gari lao lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyokuwa imeendeshwa mashindanoni na watu wengine kabla yao. Gari la mbio, na mtumba! Wakaja wa kwanza mbele ya timu zilizoleta magari mapya. Tena Subaru yenyewe imeshinda Safari kwa Impreza, kwa mkono wa Colin McRae mwaka 1997 na kwa mkono wa Richard Burns mwaka 2000, na B4 ninayoitaka ni ya ukoo huo huo, ilipewa tuzo ya gari la mwaka huko Japani katika msimu wa 2003 na 2004. Basi kwa hukumu yako mwenyewe ya kufika, imefika.

MWALIMU: Imefika, binti yangu, lakini nani aliyeifikisha? Joginder alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Alijua sauti ya kila kifaa kilichomo ndani ya ile Volvo. Na McRae na Burns, kila walipokamilisha sehemu ya njia walikuta mafundi wamepiga magoti na vipuri vipya mikononi, na juu yao helikopta ikichungulia njia. Sifa ile imeuzwa kwetu sisi, bali mafundi hawakuuzwa pamoja nayo. Na kuna jambo jingine nitalitaja kisha nilipite. Tangu maandamano ya Juni 2024, watu walipokuwa wakichukuliwa majumbani na njiani na wanaume wasiojitambulisha, ndani ya magari yasiyo na alama, Subaru imeingiwa na kivuli katika mitaa hii. Mkiifikisha langoni usiku, pigeni honi mapema majirani wajue ni ninyi.

Hapakuwa na aliyecheka. Fundi, aliyekuwa akijifuta mikono muda wote huo ijapokuwa mikono yake ilikuwa safi, aliombwa na Mama aseme, naye alisema kwa kirefu, na hapa ndipo ninapoona roho ya jambo lote ilipo.

FUNDI: Mama, na Mzee, na wewe Binti, mimi siichukii Subaru, maana ndiyo iliyonijengea chumba cha pili. Nataka mjue tu mnachokinunua. B4 ya tabo ya miaka ile, 2003 hadi 2009, ilipotoka kiwandani ile ya giaboksi ya mkono ilikuwa na nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani, kilele ambacho makampuni ya Japani yalikuwa yameafikiana yasikipite tangu 1989 mpaka 2004. Gari la namna hiyo lilikuwa ghali. Leo mtalipata kwa bei ya gari la kawaida, pengine chini ya Premio, nanyi mtadhani mmeokota dhahabu njiani. Bei haikushuka kwa huruma. Breki zake bado ni breki za gari la mbio, tairi zake ni za gari la mbio, oili yake, belti yake, plagi zake, vivyo hivyo. Bei ya gari imeshuka, bei ya matunzo haikushuka. Tofauti iliyo baina ya bei mbili hizo ni deni, na mwenye kuliuza huwauzia gari pamoja na deni lake, akabaki mwepesi.

BABA: Sasa umesema.

FUNDI: Sijamaliza, Mzee. Deni lenyewe lina sura. Belti ya taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika njiani valvu hugongana na pistoni, na injini nzima hufunguliwa. Nani atakayeniambia belti iliyomo ina kilomita ngapi? Saa ya kilomita hurudishwa nyuma na mtoto mwenye kompyuta. Kwa hiyo siku ya kununua ndiyo siku ya kuibadilisha, pamoja na pampu ya maji na roli zake, hata muuzaji akila yamini. Tabo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoihifadhi ni utando mwembamba wa oili. Mwenye gari wa kwanza akichelewesha oili, na wa pili akachelewesha, na wa tatu akizima injini ikiwa ingali ya moto baada ya kukimbizana na mwenziwe barabara ya Thika, dhambi zote hizo zitakutwa kwenu. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haina daraja la okteni ambalo injini ile ilitengenezewa huko kwao, ambako petroli ya bei ya juu hukaribia 100. Ukiilisha ya kawaida na kuikanyaga, hugonga kwa ndani. Kisha wako vijana walioongeza msukumo wa hewa kwa kubadili programu ya kompyuta, wakaweka egzosti ya mngurumo, wakaichosha, na walipotaka kuuza wakarudisha kila kitu mahali pake. Gari kama hilo hung'aa kuliko lililotunzwa.

BINTI: Lakini Fundi, ziko zilizotunzwa.

FUNDI: Ziko, nami nazijua tatu au nne, na wenyewe hawauzi.

Jawabu hilo lilimnyamazisha Binti kwa kitambo, na lilinifanya nifikiri kwamba soko la vitu vilivyotumika lina tabia ya kuficha vilivyo bora, kwa kuwa mwenye kilicho bora hukiweka, na kinachosimama yadini kikiwa kimepigwa nta mara nyingi ni kile ambacho mtu fulani alichoka kukilipia. Hili si la Subaru peke yake. Lakini katika Premio mtu aliyechoka huacha nyuma yake deni dogo, na katika gari la mbio huacha kubwa.

Mama, ambaye ndiye mweka hazina wa chama chake na ambaye hesabu humjia upesi kuliko maneno, alileta kalamu na nyuma ya bahasha.

MAMA: Tuseme tunakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, kazini, sokoni, kanisani na kwa wagonjwa. Mia na kumi yatupa kilomita 12 kwa lita. Fundi, Subaru hii itatupa ngapi mjini?

FUNDI: Ukiendesha wewe, 8. Akiendesha yeye, sisemi.

MAMA: Basi ni lita 83 kwa 125. Tofauti ni lita 42, na tangu petroli ivuke shilingi 200 mwaka 2023 mimi siwezi tena kuihesabia chini ya 180, hata ile tarehe 14 ya kila mwezi, ya kutangazwa bei, ikileta habari njema. Hizo ni kiasi cha shilingi 7,500 kwa mwezi, shilingi 90,000 kwa mwaka, kabla belti haijakatika wala tairi haijaisha. Na bima kubwa? Makampuni mengi husita kwa gari la umri huo, au hulikubali kwa thamani ndogo na malipo makubwa. Likiibiwa vioo vya pembeni hapa nje tutakwenda wenyewe Kirinyaga Road kununua vingine, na tuombe tusikute ni vyetu.

BINTI: Mama, basi tuagize jipya zaidi kutoka Japani. WRX S4 iko, haina hata belti hiyo, na umri wake unakubalika.

MAMA: Umri unakubalika kwa sababu sheria ya nchi haiingizi gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa, na ndiyo maana hizo B4 zako zote zimekwisha kuishi Kenya miaka mingi, zimekula vumbi letu na mafundi wetu, Fundi anisamehe. Lakini hebu tuupige ushuru. Tangu 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35. Kitu cha shilingi 100 huwa 135. Juu ya hizo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa injini iliyozidi sentimita 1,500 za ujazo. Huwa karibu 169. Juu ya hizo kodi ya thamani, asilimia 16. Huwa karibu 196, na tozo ndogo bado zimesimama mlangoni. Tutakuwa tumenunua gari mbili, moja yetu na moja ya serikali. Tena Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuja na kodi nyingine ya kila mwaka, asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Iliondolewa, na mswada wenyewe ukaanguka, lakini aliyeiwaza mara moja aweza kuiwaza tena.

Hapo mtu angedhani kwamba mambo yamekwisha na Baba ameshinda. Lakini Binti alisema neno ambalo halikuwa la hesabu, na kwa insafu nalazimika kuliandika kama alivyolisema.

BINTI: Nimewasikia, na hesabu ni ya kweli. Ila nauliza, ni lini katika nyumba hii mtu hununua kitu kwa kuwa kinamfurahisha? Baba alipoleta 110 nilikuwa mdogo, nakumbuka alitupeleka mpaka uwanja wa ndege na kurudi, bila shughuli yoyote, kwa furaha tu ya kuwa na gari. Watu wa mitaa hii tumefundishwa kuwa furaha ni ya watu wa Karen, na sisi wajibu wetu ni kudumu. Mimi nafanya kazi siku sita. Nataka siku ya saba niliwashe gari ambalo lanijibu. Kama hilo ni israfu, basi niambieni israfu yangu nyingine ni ipi.

Mama aliweka kalamu chini. Mwalimu alitazama kando. Mimi, ikiwa rai yangu yatakikana, nasema Binti ana haki, na walimwengu waliomtangulia wamekosea kuihesabu furaha ya vyombo kuwa ni ghururi tupu; mtu aliyetoka jasho ana ruhusa ya kupenda chombo chake. Ninachokikataa ni furaha hiyo kuwekewa dhamana na watu wengine. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na wadhamini ni jirani na mfanyakazi mwenza, watu ambao hawatakaa katika kiti kile siku ya saba. Injini ikigoma na marejesho yakigoma nayo, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Furaha inunuliwe kwa fedha ya mwenye kufurahi, na deni la gari lilipwe siku ile ile linapopokelewa. Hapo sina ubishi na Subaru yoyote.

Nadhani Mama alikuwa amefika mahali hapo kabla yangu, maana alipoanza kusema tena hakuuliza ni gari gani.

MAMA: Theluthi ya fedha zote haitaguswa. Hiyo ni ya belti, oili, tairi na breki, na kwa kila alichokisema Fundi, na itakaa katika akaunti ya watu wawili, mimi na wewe, mwanangu. Sehemu ya Sacco itapunguzwa iwe kiasi ambacho mshahara wako peke yako waweza kukirejesha pasipo kumsumbua mdhamini. Kwa hizo zinazobaki, kama B4 ya tabo inapatikana, tutaitazama. Isipopatikana, tutaitazama ile isiyo na tabo, Fundi anasema iko na deni lake ni dogo.

BINTI: Ile isiyo na tabo si ile.

MAMA: Najua si ile. Ndiyo maana nimesema tutaitazama.

FUNDI: Mimi nina sharti moja. Tufike kwa muuzaji alfajiri, na injini iwe ya baridi. Nitaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Nikikuta joto, tunarudi nyumbani, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika ina neno isilotaka lisikike. Nikikuta baridi, nitaiwasha mwenyewe: moshi wa buluu ni oili, moshi mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yaliyopata njia ya silinda. Nitapima mgandamizo wa silinda zote nne, na nitasoma kompyuta yake, wala sitafurahi nikikuta haina kosa hata moja na kumbukumbu zake zimefutwa asubuhi hiyo hiyo.

MWALIMU: Na logibuku?

FUNDI: Logibuku iangaliwe kwa wasajili wa magari, NTSA, kabla ya nauli ya kwenda. Kuna magari mengi yanayouzwa na mtu, na yenyewe ni ya benki.

Mjomba alikuwa tayari ana simu sikioni, akimwambia dalali fulani kwamba wateja wapo na fedha zipo, mpaka Mama alipomtaka aikate, kwa kuwa dalali akijua fedha zipo, bei hupanda kabla ya jua. Kisha Baba, ambaye kwa muda mrefu alikuwa hajasema kitu, aliomba naye awekewe sharti lake katika maandishi: kwamba 110 haitauzwa wala kutolewa tangazo mpaka hilo gari jipya, la tabo au lisilo na tabo, liwe limekwenda Mumias na kurudi kwa miguu yake lenyewe, na watu watano na magunia ndani, pasipo kukokotwa.

MJOMBA: Shemeji, na mahali pa kuegesha ni pamoja tu! Magari mawili yatalala wapi?

MAMA: Moja litalala kwako, kaka, na utalilinda. Wewe si mtu wa kiti cha mbele?